Land Rover ya zamani Kasulu na Kibondo: Kabla ya kukata bima kubwa, angalia namba hii moja

Oktoba 2024, Land Rover kutoka sehemu mbalimbali za nchi zilikusanyika Arusha kwenye tamasha lao. Kasulu na Kibondo hazisubiri tamasha ili zionekane, zipo kazini. Kuna 109 za enzi hizo, kuna Defender zilizonunuliwa kwenye minada, na kuna zile alizoacha mzee ambazo familia haitaki kusikia habari ya kuziuza.

Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kiliacha kutengeneza Defender ya muundo ule Januari 2016. Ndiyo maana iliyo nzima bado inatafutwa. Sasa swali ni hili: ikipinduka kesho, bima italipa shilingi ngapi?

Kubwa na ndogo

Bima ndogo ni lazima kisheria. Inamlipa mtu mwingine uliyemgonga au uliyemharibia mali. Gari lako mwenyewe halimo.

Bima kubwa inaongeza gari lako: ajali, moto, wizi. Ipo pia ya katikati, yaani bima ndogo iliyoongezwa moto na wizi. Hiyo inafaa gari ambalo muda mwingi limepaki nyumbani.

Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni kwamba hata bima kubwa hailipi uzee. Kutu kwenye chesisi, gia boksi iliyochoka, injini iliyokufa kwa umri, yote hayo ni juu yako.

Hesabu yake

Kwa gari binafsi, bei iliyozoeleka ya bima ndogo ni Sh118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Bima kubwa huwa karibu asilimia 3.5 ya thamani ya gari, halafu unaongeza VAT ya asilimia 18.

Chukua Land Rover ya Sh15 milioni. Asilimia 3.5 ni Sh525,000. Weka VAT, unafika Sh619,500. Tofauti na bima ndogo ni Sh501,500 kila mwaka. Ndani ya miaka sita umetoa zaidi ya Sh3 milioni za ziada.

Si hela ya kutupa, na si lazima iwe hasara. Inategemea namba moja kwenye mkataba wako: thamani ya gari.

Mtego wa thamani

Mikataba mingi hulipa bei ya soko ya siku ya ajali, hata kama fomu yako imeandikwa kiasi kikubwa zaidi. Umeandika Sh20 milioni kwa sababu umeifufua kwa gharama, mkaguzi akaja akasema sokoni ni Sh9 milioni? Utalipwa kwa hesabu ya Sh9 milioni. Ila ada ulishalipa ya Sh20 milioni.

Kuandika ndogo nako kuna maumivu yake. Baadhi ya mikataba ina kipengele cha wastani. Gari la Sh15 milioni ukiliandika Sh10 milioni ili ada ishuke, matengenezo ya Sh3 milioni yanaweza kulipwa Sh2 milioni tu. Na hapo bado hawajakata kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe.

Kwa gari la zamani, dawa ni thamani ya makubaliano. Gari likaguliwe, lipigwe picha, risiti za gereji ziambatanishwe, halafu kampuni iandike kwenye mkataba: likiisha kabisa, tutalipa kiasi hiki. Kampuni ikikataa, usilipe ada ya namba ambayo hutakuja kuipata. Uliza pia ukomo wa umri mapema, maana baadhi ya kampuni hazitoi bima kubwa kwa gari lililopita miaka fulani.

Lami imebadilisha hatari

Zamani adui wa Land Rover huku alikuwa tope la masika. Ukikwama, ukivunja springi, hakuna bima iliyohusika. Lami ya Kabingo–Kasulu–Manyovu inaleta hatari nyingine: mwendo. Breki za gari la miaka 40 zinakutana na bodaboda, watoto wa shule na malori. Kwa hiyo bima ndogo si ya kumridhisha trafiki tu. Soma mpaka wake wa malipo kwa mali ya watu.

Mambo mawili ya hapa kwetu usiyaruke. Ukikata bima ya gari binafsi halafu ukabeba abiria kama mchomoko, au maharage ya watu kwa malipo, umeipa kampuni sababu ya kukataa madai. Na ukivuka kwenda Burundi kupitia Mabamba au Manyovu, ulizia kadi ya njano ya COMESA. Hiyo inahusu madhara kwa watu wengine upande wa pili, haitengenezi gari lako.

Uchague ipi?

Jiulize: likiteketea leo, naweza kununua jingine kwa pesa yangu? Kama ndiyo, bima ndogo yenye moto na wizi inatosha, ile tofauti iweke akiba ya vipuri. Kama hapana, au gari ndilo linalosomesha watoto, kata bima kubwa, lakini kwa thamani ya makubaliano iliyoandikwa.

Ukishalipa, usiondoke kwa wakala kabla hujahakiki stika kwenye mfumo wa TIRA kwa simu yako. Madai yakizungushwa, peleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na huko watakachokuomba kwanza ni mkataba, kwa hiyo usikubali kuondoka na stika peke yake.