Ulaya Haina Mipaka? Uliza Gari Yako

Wasee, kuna uwongo mmoja unazunguka kwa simu zetu na nimechoka kuunyamazia. Unaenda hivi: "Ulaya haina mipaka. Pata visa ya Schengen, kodi gari, kula barabara. Chai Zurich, chakula cha mchana Ufaransa, usiku mko Italia." Vidio iko na muziki mtamu, droni inapita juu ya milima, jamaa ametoa mkono kwa dirisha. Watu wanabonyeza moyo tu. Hakuna mtu anauliza ile gari imesajiliwa nchi gani.

Wacha niseme bila kuzunguka. Schengen ilifungulia watu mlango. Haikufungulia magari. Mwenye anakuambia vingine ama hajui, ama anajua na anaogopa ukweli utaharibu vidio yake.

Tuweke msingi kwanza, maana hapa ndio wengi huchanganya. Ulaya kuna vitu viwili tofauti. Kuna Schengen, makubaliano ya watu kusafiri kati ya nchi wanachama bila kugongewa pasipoti kila mpaka. Halafu kuna muungano wa forodha wa Umoja wa Ulaya, ambao ulianza 1968. Huo haujali sura yako. Unajali mali: nini kinaingia, na nani amekilipia ushuru. Uswisi iko ndani ya Schengen tangu 2008, lakini haiko kwa muungano wa forodha wa Umoja wa Ulaya. Norway ni vile vile.

Maana yake? Wewe na begi lako mnaweza kutoka Zurich mkaingia Ujerumani karibu kama mtu anayetoka Ngara kwenda Pangani. Lakini ile gari ya Uswisi umekalia, kwa macho ya watu wa forodha, ni mali ya kigeni imeingia Umoja wa Ulaya. Haina tofauti kubwa na ile Vitz inayoshuka kwa meli pale Mombasa ikitoka Japani. Kuna mtu lazima aulizwe: hii imelipiwa?

Na sisi Wakenya hatufai hata kushangaa. Tangu 2014 unaweza kwenda Uganda na Rwanda na kitambulisho tu. Sasa fika Busia na gari uone kama kitambulisho kitaivusha. Utaulizwa logbook, utaulizwa Kadi ya Njano ya COMESA kwa sababu ya bima, utaandikiwa kibali cha muda cha gari. Mtu ni mtu, gari ni gari. Hii kitu tunaijua kabisa tukiwa nyumbani. Tukipanda ndege tunaisahau.

Sasa skiza vizuri, kwa sababu hapa ndio stori inageuka.

Ukifika na gari ya nje, forodha ya Umoja wa Ulaya haikuulizi kwanza pasipoti yako ni ya wapi. Inauliza unaishi wapi. Kama unaishi Nairobi na umeenda kutembea tu, ukikodi gari ya Uswisi unaweza kuingia nayo Ujerumani, Ufaransa ama Italia bila kulipa ushuru, kwa matumizi yako binafsi, kwa muda usiozidi miezi sita. Wewe ni mgeni, gari ni ya kigeni, wote mtarudi mlikotoka. Kampuni ikikuruhusu, hakuna noma.

Lakini kaso yako ambaye ni nesi Stuttgart, yuko na kibali cha kuishi, analipa kodi huko, ako na nyumba huko? Huyo ni mkaazi wa Umoja wa Ulaya. Kwa kawaida haruhusiwi kuendesha gari ya Uswisi ndani ya Umoja wa Ulaya vile anataka. Kuna nafasi ndogo imeachwa: kama amekodi kwa kandarasi iliyoandikwa na anaitumia kurudi nyumbani kwake, halafu gari inarudishwa kwa muda mfupi uliowekwa. Kuzunguka nayo wiki mbili akitembelea marafiki haiko kwa hiyo nafasi.

Umeona hiyo? Mara moja tu kwa historia, yule wa Umoja wa Ulaya ndiye mwenye shida, na wewe wa Umoja, Umoja estate, ndio uko sawa.

Sasa piga picha. Tiketi ya Zurich ilikuwa bei poa, ukashukia huko. Kaso amekuja kukupokea na treni. Mmekodi gari kwa jina lako, umeendesha saa moja, umechoka, macho yanafunga. Kaso anasema, "Leta, hii barabara naijua." Mnavuka mpaka mkicheka. Kilomita chache mbele, watu wa forodha wanawasimamisha. Leseni ya Ujerumani, anwani ya Ujerumani, gari ya Uswisi.

Hesabu yake ni hii. Ushuru wa kawaida wa gari ndogo kuingia Umoja wa Ulaya ni asilimia 10. Juu ya hiyo kuna VAT ya nchi yenyewe: Ujerumani asilimia 19, Ufaransa 20, Italia 22. Chukua gari ya euro 30,000. Ushuru ni euro 3,000. VAT ya Ujerumani inahesabiwa juu ya 33,000, inakuwa euro 6,270. Jumla 9,270. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja anazoweza kudaiwa dereva, kwa gari ambayo si yake, ambayo mlikuwa mnairudisha Jumapili.

Na usiniambie "lakini mwenye gari alikubali." Mwaka wa 2013 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi kama hiyo kutoka Hungary. Jamaa anaishi Hungary, akaingia na gari iliyosajiliwa Serbia, na wenye gari walikuwa wamempa ruhusa kuitumia. Mahakama ikasema ruhusa pekee haitoshi. Kwa hivyo hiyo hoja ilishapelekwa mahakamani na ikashindwa.

Kuna watu watasema sheria yenyewe ni ya kijinga. Mimi siamini hivyo. Bila hiyo sheria, kila tajiri wa Munich angesajili gari lake ng'ambo ambako kodi ni nafuu, halafu aliendeshe nyumbani bure huku majirani wakilipa. Sheria iko na sababu. Hasira yangu ni kwa wanaoijua na wananyamaza.

Anza na makampuni ya kukodi. Masharti yote yako ndani ya kandarasi: nchi gani gari inaruhusiwa kufika, malipo ya ziada ya kuvuka mpaka, aina gani ya gari haitakiwi kuvuka kabisa. Lakini yamefichwa kwa maandishi madogo kama chungu, na unapewa kalamu ukiwa na usingizi wa ndege. Wanakuuzia bima ya kioo kwa dakika kumi nzima. Swali la "unaishi nchi gani na unaenda nchi gani" linastahili sekunde tano, na mara nyingi hutalisikia. Kwa nini? Kwa sababu ushuru ukikuja, unakuja kwako dereva.

Chukua uwanja wa ndege wa Basel-Mulhouse. Uwanja uko kwa ardhi ya Ufaransa, lakini uko na sehemu ya Uswisi na barabara yake ya forodha inayokupeleka moja kwa moja Basel. Ukitokea upande mmoja unapewa gari ya Uswisi, upande wa pili gari ya Ufaransa. Jengo ni moja. Vidio zinakuambia: linganisha bei, chukua ile rahisi. Poa, kwa mgeni. Lakini Mkenya anayeishi Basel akichukua ile ya Ufaransa kwa sababu ya bei, halafu aingie nayo nyumbani bila kibali cha forodha ya Uswisi, naye yuko kwa shida ile ile ya kaso, imegeuzwa tu. Mlango uliotokea ndio umeamua kesi yako.

Halafu kuna wenzangu wa kontenti. Najua majibu yao, nimeyasoma kwa komenti: "Nimevuka mara tano na hakuna mtu amenisimamisha." Sawa. Na mimi najua jamaa amepanda matatu isiyo na bima miaka kumi na hajapata ajali. Kutoshikwa si ruhusa.

Na tuambiane ukweli wa pili. Ni nani husimamishwa? Shirika la haki za msingi la Umoja wa Ulaya, FRA, lilitoa ripoti 2023 kuhusu maisha ya watu weusi kwa nchi kadhaa za huko. Kati ya waliosimamishwa na polisi mwaka uliotangulia, zaidi ya nusu walisema waliona ni kwa sababu ya rangi yao. Sasa wewe unachukua ushauri wa barabara kutoka kwa mzungu wa Australia ambaye hutabasamu tu akipungiwa mkono? Yeye anaweza kumudu kutosoma. Wewe huwezi. Na hiyo mipaka "iliyoisha" imerudi: Ujerumani ilianza tena ukaguzi kwa mipaka yake yote ya ardhi Septemba 2024.

Kwa wale wako na visa ya kuingia mara moja, kuna mtego mwingine, na huu haumsamehi mgeni. Ukiwa Croatia ukiendesha kutoka Split kwenda Dubrovnik, barabara ya zamani ya pwani inapitia Neum, kipande kidogo cha Bosnia kinachogusa bahari. Bosnia haiko Schengen wala Umoja wa Ulaya. Ukivuka hapo umetoka Schengen, na visa yako ya mara moja imekwisha. Hoteli yako, begi lako na tiketi yako ya kurudi viko upande wa pili. Njia salama ni daraja la Pelješac, kilomita 2.4, lililofunguliwa Julai 2022. Umoja wa Ulaya ulichangia euro milioni 357, na waliojenga ni CRBC, Wachina wale wale wa SGR yetu. Ramani ya simu haijui visa yako ni ya aina gani. Itakupeleka Neum bila huruma.

Uingereza? Tangu 1 Januari 2021 iko nje ya soko la Umoja wa Ulaya na nje ya forodha yake. Gari ya kukodi ya Uingereza ikienda Ulaya bara inabebana na cheti kinaitwa VE103, kuonyesha kampuni imekuruhusu. Na sandwichi ya nyama iache Dover. Januari hiyo hiyo, watu wa forodha wa Uholanzi walionyeshwa kwa televisheni wakichukua sandwichi za nyama kutoka kwa madereva waliotoka Uingereza. Kama wanachukua mkate, gari wataiachaje?

Kwa nini nakazana na hii kitu na wengi wenu hamjawahi hata kufika JKIA kama abiria? Kwa sababu ya kesho. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi makubaliano ya wafanyakazi wetu kwenda huko. Kuna watu wanasoma hapa na wako kwa darasa la Kijerumani sai. Mkifika mtaenda na akili ya mgeni, lakini siku mtapata kazi na nyumba, kwa forodha nyinyi ni wakaazi. Kile mgeni alifanya bure, nyinyi mtalipia. Hakuna mtu atawapigia simu kuwaambia mmebadilika.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya sheria wala ya kitu kingine. Lakini kusoma kandarasi ya gari haitaki digrii. Inataka maswali matatu kabla ya kushika funguo: Gari imesajiliwa wapi? Kila mwenye atashika usukani anaishi wapi kisheria? Visa yangu inaniruhusu kuingia mara ngapi? Kama majibu hayalingani na njia yako, kodi gari upande ule mwingine wa mpaka. Aliye mkaazi wa Ujerumani achukue gari ya Ujerumani. Mgeni akikodi ya Uswisi, mgeni ndiye aendeshe, na kama amechoka wasimame wanywe kahawa. Ruhusa ya kampuni ya kuvuka iwe kwa maandishi, na ikae kwa gari.

Na nyinyi wa kutengeneza hizo vidio, hamtakufa mkiongeza sekunde kumi. Onyesheni mlima, onyesheni ziwa, halafu semeni: "Hii gari ni ya Uswisi, na mimi siishi Ulaya, ndio maana naruhusiwa." Hiyo tu. Mkishindwa na hiyo, msijiite washauri wa safari.

Kama uko na kaso, anti ama rafiki anaishi huko na unapanga kumtembelea, mtumie hii kabla hamjafika kwa kaunta. Halafu uliza yule mwenye "nimevuka mara tano" kama ataingia na wewe kulipa hiyo 9,270. Uniambie amejibu nini.