Kambi ya Watoto Wakati wa Mvua za Kwanza

Katika nchi za Ulaya mwaka una majira manne. Wakati wa baridi miti mingi husimama bila majani, na mahali pengi ardhi hufunikwa na theluji. Ifikapo Machi na Aprili jua hupata nguvu tena, miti huchipua, ndege hujenga viota, na watu hutoka nje kwa furaha. Yafuatapo majira ya joto, shule hufungwa, na watoto wengi huenda kukaa kambini, msituni au kando ya ziwa, wakilala katika mahema na kupika chakula chao wenyewe. Desturi hiyo imeenea katika nchi nyingi, nayo imefika kwetu pia. Walakini jambo jema likitolewa nchi moja na kupelekwa nchi nyingine, hapana budi kulitafutia majira yake.

Mkoa wetu wa Simiyu, ambao ulianzishwa mwaka 2012 na una wilaya tano, yaani Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, hauna baridi ya kuangusha majani. Kwetu sisi nchi hulala wakati wa kiangazi. Kuanzia Juni nyasi hukauka, mito mingi hubaki mchanga mtupu, na ng'ombe huenda mbali kutafuta maji. Kisha mnamo Oktoba au Novemba mawingu hukusanyika, mvua za kwanza hunyesha, na kwa siku chache tu nchi iliyokuwa vumbi huvaa kijani. Hayo ndiyo majira yetu ya kuchipua. Basi mimi nasema hivi: kambi ya watoto wa Bariadi na wilaya jirani ifanywe wakati huo, katika likizo ya Desemba, wala isingojee kiangazi kwa sababu tu wakati wa kiangazi mahema hayaloi.

Fikirini yale ambayo mtoto aweza kuyaona kwa macho yake wakati wa mvua. Kumbikumbi hutoka ardhini jioni baada ya mvua, wakiruka kuifuata taa, na watoto huwakusanya kwa furaha. Mbuyu hufungua maua yake meupe wakati wa magharibi, popo huja kuyanywa usiku, na kesho yake maua yale yamekwisha kunyauka. Yeye alalaye ndani ya nyumba hajui kamwe kazi hiyo. Korongo weupe wenye midomo myekundu huonekana mashambani wakila panzi na viwavi. Ndege hao wamezaliwa Ulaya, nao wamesafiri mwendo wa maelfu ya maili kuikimbia baridi. Na upande wa mashariki, katika nyika za Serengeti zinazopakana na mkoa wetu, nyumbu zaidi ya milioni moja hufuata mvua mpaka kwenye nyasi fupi za kusini. Huko huzaa ndama wao kati ya Januari na Machi. Somo la namna hii halipatikani katika ubao mweusi peke yake.

Lakini kambi si mahali pa kutazama ndege tu. Kambi ni kijiji kidogo cha watoto, nacho hakiwezi kusimama pasipo ushirika. Mwaka 1907 Mwingereza mmoja, Robert Baden-Powell, aliwachukua wavulana wapatao 20 mpaka kisiwa cha Brownsea, akakaa nao kambini muda wa siku nane. Baadhi yao walikuwa watoto wa matajiri, na wengine watoto wa watu wa kazi za mikono. Akawagawa katika makundi manne madogo, kila kundi na kiongozi wake mvulana, ili wafanye kazi na kucheza pamoja. Katika jaribio lile ndipo kilipoanza chama cha Skauti, ambacho leo kimo katika shule nyingi za Tanzania. Baden-Powell mwenyewe alimalizia maisha yake Nyeri katika nchi ya Kenya, akafa huko mwaka 1941.

Mtu asidhani, hata hivyo, ya kuwa ushirika wa vijana ulikuja kwetu kwa meli. Wazee wa Usukuma walikuwa na elika, yaani kundi la vijana wa kijiji waliokwenda kulima leo shamba la mtu huyu, kesho la mtu yule, na mwenye shamba akawalisha. Kundi lilikuwa na mkuu wake, na utaratibu wake, na adhabu kwa mvivu. Ngoma ya bugobogobo, ambayo wachezaji wake hushika majembe na kuyarusha kwa kufuata mpigo, ina asili yake katika kulima kwa pamoja. Na elika ilikuwa na kazi nyingi wakati gani? Wakati wa mvua. Kwa hiyo anayetaka watoto wakusanyike na kushirikiana zinaponyesha mvua hazui jambo geni. Anafuata njia waliyoipita babu zetu.

Wako wazazi wanaopinga, na neno lao lina uzito. Wao husema, "Desemba ndipo tunapolima na kupanda pamba na mahindi. Ukimchukua mtoto siku hizo, umeuchukua mkono wangu." Mtu mwenye haki hawezi kulicheka neno hilo, kwa maana mvua haimngojei mtu, na mbegu iliyochelewa huleta njaa. Kwa sababu hiyo nakubali ya kuwa kambi isizidi siku sita, na mtoto asiende mpaka mbegu za nyumbani kwao zimekwisha kuingia ardhini. Tena siku mbili katika hizo sita watoto wote waende na majembe kwenye shamba la mjane au la mzee asiye na msaada katika kijiji kilichowapokea. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Kijiji kilichowapa watoto mahali pa kupiga mahema kina haki ya kuona jembe lao.

Pingamizi la pili ni chakula. Mwanzo wa mvua ghala nyingi zimekaribia kuwa tupu, na si kila nyumba yaweza kutoa unga. Hapa ndipo kambi itakapojaribiwa kama ni ushirika wa kweli au ni mchezo tu. Mtoto mmoja ataleta vibaba vinne vya unga, mwingine kibaba kimoja, mwingine michembe kidogo katika kitambaa, na mtoto wa Busega ataleta dagaa kutoka ziwani. Pengine mmoja atakuja mikono mitupu. Shauri langu ni kwamba vyote vipokewe na mwalimu kando, vitiwe katika madebe ya kambi, wala isiandikwe popote orodha ya nani ameleta nini. Chakula kikiisha kuchanganywa hakina mwenyewe, na sufuria moja hulisha wote sawasawa. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikiisha kujaa, asitokee mtu wa kuhesabu chembe zake.

Jambo la tatu ni kazi, nami nalitilia nguvu kuliko yote. Nyumbani kwetu kazi nyingi zimegawanywa kwa kuzaliwa: msichana huteka maji na kupika, mvulana huchunga. Kambini kazi igawanywe kwa zamu. Leo kundi la kwanza liteke maji, la pili likate kuni, la tatu lipike, la nne lifagie na kuchimba choo. Kesho wabadilishane, wavulana na wasichana vilevile. Mvulana aliyebeba ndoo ya maji kutoka kisimani mara tatu, na shingo ikamwuma, hatamwita dada yake mvivu anapochelewa kurudi. Nimewafundisha watoto miaka mingi, nami nimeona ya kuwa maneno juu ya heshima husahaulika upesi, bali uzito wa ndoo haumtoki mtu kichwani.

Yafaa tena watoto wa mahali mbalimbali wachanganywe. Katika Wilaya ya Meatu wako Wasukuma, Wataturu na Wahadzabe. Katika Busega wako wavuvi. Katika Bariadi na Maswa wako wakulima wa pamba. Mtoto wa Kitaturu ajuaye ng'ombe, na mtoto wa Kihadzabe ajuaye mizizi ya porini na njia za nyuki, kila mmoja awe mwalimu wa wenzake siku yake. Tukiwaweka kila watoto katika hema la watu wao, tumejenga vijiji vitano vyenye kutazamana kwa mashaka, wala hatukujenga kambi.

Sasa niseme juu ya hatari, kwa kuwa majira ya mvua si ya mchezo. Hema lisipigwe kamwe katika mchanga wa mto, hata kama mchanga ule ni mkavu na laini. Mvua ikinyesha mbali juu, Mto Simiyu au Mto Duma waweza kujaa ghafula, ijapokuwa mahali ulipo hapana hata tone moja. Ngurumo zikianza, watoto waingie katika jengo la shule lililo karibu, wasikae chini ya mti uliosimama peke yake. Kila mtoto alale ndani ya chandarua, kwa maana mvua huleta mbu, na mbu huleta malaria. Watu wasioge katika lambo, kwa sababu maji yaliyosimama huweza kuwa na konokono wenye kueneza kichocho. Maji ya kunywa yachemshwe, na choo kichimbwe mbali na kisima, upande wa bondeni. Kambi isiyoweza kushika sheria hizo ni heri isifanywe.

Mwisho, watoto wasiondoke bila kuacha kitu. Zamani za utawala wa Waingereza miti mingi ya Usukuma ilikatwa ili kuondoa mbung'o na kupata mashamba ya pamba, na nchi ikabaki uchi. Mwaka 1986 ilianzishwa kazi ya kuihifadhi ardhi ya Shinyanga, mkoa ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Bariadi. Walioifanya kazi hiyo waliirudisha desturi ya wazee iitwayo ngitili: kufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, mifugo isiingie, nyasi na miti vikapata kukua, kisha kuifungua wakati wa kiangazi kikali. Kila kambi na ipande miti katika ngitili ya kijiji kilichoipokea, kila mtoto mti mmoja, mkwaju au mgunga, na watoto wa kijiji hicho waachiwe kazi ya kuulinda. Mti uliopandwa katika mvua za kwanza una miezi kadhaa ya kunywa kabla jua kali halijaujaribu. Uliopandwa Juni hunywa maji ya ndoo au hufa.

Ninyi wanafunzi mnaosoma maneno haya, wengi wenu hamwezi kuamuru kambi ifanywe. Lakini mwaweza kumwendea mwalimu wenu na wazazi wenu kwa adabu, mkawauliza kama inawezekana, na mkaahidi kumaliza kwanza palizi na kupanda nyumbani. Wakikataa mwaka huu, fanyeni kambi ya siku moja: mkutane watoto kumi wa mtaa mmoja, mtie unga wenu katika chungu kimoja, mlime shamba la jirani mgonjwa, mpande miti kumi kabla ya jua kutua. Nanyi wavulana mtangulie kisimani na ndoo.