Mpagazi wa Kinyamwezi Arudishiwe Mdomo Wake

Wadau, leo nina dukuduku na watunzi wetu, wa vitabu na wa filamu kwa pamoja. Mtu akitunga kisa cha misafara ya zamani, ile njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji, Mnyamwezi anapewa kazi mbili tu: kubeba pembe za ndovu kimya kimya, au kuchekesha watu kwa Kiswahili cha kuvunjika. Mwarabu anaongea. Mzungu anaongea. Mpagazi anahema!

Hivi hao watu walikuwa mabubu? Wanyamwezi walipatana ujira, wakabishania mzigo na posho, na posho ikipunguzwa waligoma au walitoroka usiku. Neno mnyapara lenyewe limetoka kwao. Burton alifika Tabora Novemba 1857, Stanley na Livingstone walikaa Kwihara mwanzoni mwa 1872, na vitabu vyao vimejaa manung'uniko juu ya wapagazi wakaidi. Mkaidi si ana maneno? Yaani mgeni aliyewalaani katuachia watu hai kuliko mtunzi wetu anayedai kuwaenzi. Tippu Tip naye alisimulia maisha yake kwa Kiswahili chake mwenyewe. Mpagazi hakuacha kitabu. Mtunzi asipomsemesha, nani atamsemesha? (Siku hizi wapo vijana wa mjini wakisema "Mnyamwezi" wanamaanisha Mmarekani. Hata jina kanyang'anywa.)

Halafu hizo hisia. Mtunzi anaandika "alihuzunika sana, machozi yakamtiririka", anadhani kamaliza kazi. Kwa kazi yangu ya gazeti nimekaa kwenye misiba mingi. Mfiwa hazungumzii huzuni. Anauliza kama wageni wamepata chai. Anamfokea mtoto kwa ajili ya sufuria. Huzuni imo humo humo.

Na Mnyamwezi ana utani, ambao safari zile za pwani na bara ziliukuza. Mtani wake Mzaramo anaingia msibani, anamsimanga marehemu kwa ubahili, anazuia maziko mpaka apewe chochote. Sasa tunga hapo, ndugu yangu! Mpagazi kafia njiani, mwenzake wa pwani anamtukana maiti kama desturi inavyotaka, na katikati ya tusi sauti inamkatikia. Hakuna haja ya kuandika neno "huzuni" hata mara moja.

Anayebisha amsome Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel ya mwaka 2021. Paradise yake ya 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa jina la Peponi, inasafiri na msafara hadi bara. Kijana Yusuf kawekwa rehani kwa deni la baba yake, na tajiri aliyemchukua amezoea kumwita kama ndugu wa wazazi wake. Khalil, aliyemtangulia dukani, anamkatalia: huyo si ndugu yako, mwite Seyyid. Basi, kwa neno moja la kumwita mtu unaiona minyororo yote. Lakini hata humo safari tunaiona kwa macho ya kijana wa duka la pwani. Kiti cha mpagazi bado kitupu.

Na msiniambie lugha yao imepotea. Kinyamwezi kinazungumzwa leo hii. Panda treni ushuke Tabora, kaa sokoni, msikilize mzee anavyopatana bei ya asali na mteja king'ang'anizi: anaulizia watoto, anaulizia mvua, anamtania kabila lake, na mpaka mteja anaondoka mzee hajatamka "hapana" wala bei haijashuka.