Gobore: urithi unaolindwa Marekani, kosa la jinai katika Maziwa Makuu

Polisi wa nchi za Maziwa Makuu wanapowaonyesha waandishi wa habari silaha walizokamata, mara nyingi kando ya bunduki za kivita huwekwa silaha nyingine isiyovutia kamera: kipande cha bomba la chuma kilichofungwa kwenye gogo lililochongwa kwa panga. Ni gobore. Nchini Burundi huitwa mugobore, na aliyekutwa nayo hufikishwa mahakamani sawa na aliyekutwa na bunduki ya kiwandani.

Nchini Marekani, silaha inayofanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo huletwa nyumbani na mtu wa posta. Mnunuzi hupokea sanduku lenye kasiba, kitako cha mbao kilichochongwa nusu, mtambo wa gumegume na skrubu. Kazi inayobaki ni ya subira: kupiga tupa, kukaza mtambo ukae sawasawa ubavuni mwa kasiba, kutoboa tundu la kupitishia moto, kupaka mbao mafuta. Wengi wanaoifanya huiga bunduki ndefu zilizoundwa Pennsylvania katika karne ya 18 na mafundi wenye asili ya Ujerumani, nao huiona kazi hiyo kama njia ya kuenzi historia ya taifa lao.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 ndiyo inayowapa nafasi hiyo. Silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, pamoja na nakala yake isiyotumia risasi za kisasa, huhesabiwa kuwa ya kale, na kwa sehemu kubwa ya sheria hiyo si bunduki kabisa. Hata uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Machi 2025, ambapo majaji saba dhidi ya wawili waliunga mkono udhibiti wa vifurushi vya kuunda bunduki zisizo na namba, haukugusa vifurushi vya gumegume. Baadhi ya majimbo yana masharti makali zaidi, lakini huo ndio msimamo wa serikali kuu.

Inafaa kukumbuka kwamba Afrika nayo iliwahi kuwekewa mpaka wa namna hiyo, ila kwa nia tofauti. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika eneo kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba na kwa baruti ya kawaida. Mataifa ya Ulaya yalijibakizia silaha bora, Mwafrika akaachiwa ile inayochelewa kujazwa na kukataa kuwaka siku ya mvua. Si ajabu kwamba katika Kiswahili cha mitaani mume asiye na faida bado huitwa gumegume.

Bunduki hizo zilipochakaa, wahunzi walizitengeneza, kisha wakajifunza kuunda nyingine. Jiwe la gumegume likaachia nafasi fataki, na fataki ilipokosekana zikatumika baruti za vijiti vya kiberiti. Katika Bonde la Luangwa nchini Zambia, gobore limekuwa kwa vizazi chombo cha kutafutia kitoweo, na kwa askari wa wanyamapori ni silaha ya jangili. Pande zote mbili husema kweli.

Burundi ina tatizo zito zaidi. Mugobore nyingi hazijazwi baruti mdomoni, bali hupokea risasi ya kiwandani, moja kwa kila mlio, na zilitumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993. Hizo hata Marekani zisingepita kwa jina la silaha za kale. Kuzitia katika kapu moja na gobore la mwindaji wa Luangwa ni kurahisisha mambo kupita kiasi.

Sheria ya kimataifa haikumaliza utata huo. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa mwaka 2001, inaziweka kando silaha za kale na nakala zake, inakataza kuita ya kale silaha iliyoundwa baada ya mwaka 1899, na kuziachia nchi zenyewe zieleze nakala ni ipi. Mhunzi aliyefua kasiba mwaka jana kwa ufundi wa babu yake ameunda nakala, au ametengeneza silaha kinyume cha sheria? Jibu hutegemea bunge la nchi yake, na katika ukanda huu jibu la kawaida ni kifungo.

Hoja ya wanaotaka ukali ina msingi. Gobore halina namba, na likitumika kuua hakuna daftari litakalowafikisha wapelelezi kwa aliyeliunda. Hata hivyo, itifaki hiyo hiyo haimkatazi mhunzi kufua. Inachodai ni kibali cha serikali na alama juu ya silaha. Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, iliwahi kuwapa wanavijiji leseni za magobore, hivyo wazo la kuwaandikisha si geni. Kinachohitajika ni muhuri wa chuma wa kugongea namba, daftari wilayani, na afisa ambaye mhunzi anaweza kumwendea bila hofu ya kutiwa pingu mlangoni. Kwa sasa mhunzi huyo hufanya kazi usiku, na wateja wake hawaulizwi majina.