Ufadhili kwa Alama: Neno kwa Vyuo Vidogo vya Meru na Embu

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, mjadala wetu huwa ni nani kaitwa chuo kipi cha umma. Vyuo vidogo vya kibinafsi hutajwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni makimbilio ya wana wa matajiri. Mimi naona kwamba vyuo hivyo vingeweza kumfaa sana mwanafunzi hodari asiye na uwezo, mradi vimpe ufadhili kwa kuzingatia alama zake, na vimwahidi hivyo kabla hajajisajili.

Ni kweli kwamba eneo letu halina uhaba wa vyuo vikuu vya umma. Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vilipata hati mwaka 2013, na Embu mwaka 2016. Anayeitwa huko kwa kozi aipendayo na aende. Sina ugomvi naye. Lakini wapo wasioipata kozi wanayoitaka, ama wanaopelekwa mbali na nyumbani hadi nauli na kodi ya chumba zikashindana na karo yenyewe. Kwa mzazi wa Runyenjes au Nkubu, Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kilichoanzishwa mjini Meru mwaka 1997 na kupata hati mwaka 2006, kiko karibu kuliko Maseno. Karo pekee haitoshi kumwambia mzazi huyo chuo kipi ni nafuu.

Tangu mwaka 2016 serikali iliwapeleka baadhi ya wanafunzi wake katika vyuo vikuu vya kibinafsi na kuahidi kuwalipia sehemu ya karo. Mfumo mpya wa mwaka 2023 ulikatiza mpango huo: anayejiunga na chuo cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo wa HELB, ila ruzuku ya serikali haimhusu. Isitoshe, hata katika vyuo vya umma, ruzuku hiyo hupimwa kwa uhitaji wa familia. Alama humwingiza mwanafunzi chuoni, kisha hazimsaidii tena. Na karo ya Septemba hudaiwa kabla mkulima wa majani chai hajapokea bonasi yake.

Hapa ndipo sisi wa Kiswahili tunapohusika, kwa sababu tatizo limejificha ndani ya neno. Matangazo ya vyuo husema “ufadhili upo”. Ufadhili gani? Niliwahi kumsaidia jamaa kufuatilia tangazo la namna hiyo, la chuo ambacho sitakitaja. Tuligundua kwamba “ufadhili” wenyewe ulikuwa ruhusa ya kulipa karo kwa awamu! Neno hilo moja hubebeshwa mkopo, basari ya eneo bunge, punguzo la karo, kazi za maktabani zinazolipwa, na tuzo ya mwanafunzi bora. Mkopo hurudishwa. Basari huombwa upya, na mwaka mmoja huja na mwingine ikakosekana. Punguzo linalotolewa kwa alama lina thamani tu ikiwa mwanafunzi anajua litadumu miaka mingapi na wastani upi utamnyang'anya.

Huenda wasimamizi wa vyuo wakasema kwamba hawana fedha. Hoja hiyo ina uzito, ila haijakamilika. Mhadhiri wa Kiswahili anayefundisha wanafunzi wanane hulipwa mshahara uleule akifundisha kumi na wawili. Kiti kitupu hakiingizi hata shilingi, ilhali mwanafunzi anayelipa nusu ya karo huleta nusu hiyo na huliokoa darasa lisifutwe. Idara zetu katika vyuo vidogo hufungwa kwa kukosa wanafunzi, wala si kwa kukosa wahadhiri. Aidha, tangu KCSE ya mwaka 2023, alama ya Kiswahili inaweza kuhesabiwa badala ya ile ya Kiingereza katika kukokotoa gredi ya jumla. Chuo kitakachotenga nafasi tatu za karo nusu kwa waliopata A ya Kiswahili kitapata wanafunzi wa kukitangaza vijijini bila bango.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi ni jingine: alama nzuri aghalabu hutoka shule nzuri, na shule nzuri hutaka pesa. Tukizawadia alama tupu tutakuwa tunamwongezea aliyenacho. Ndiyo maana napendekeza alama zisomwe pamoja na shule zilikotoka. B+ ya shule ya kutwa kule Mbeere, ya msichana aliyechota maji kabla ya kuingia darasani, si B+ ya shule ya kitaifa yenye maabara na maktabá. Chuo kidogo, chenye maombi machache, kina nafasi ya kuyasoma moja moja.

Basi chama chetu kiwaandikie wasajili wa vyuo vya kibinafsi vya Meru, Embu na viunga vyake, vikiwemo vile vya uuguzi vya hospitali za misheni kule Maua na Nkubu. Tuwaulize kwa Kiswahili sanifu: ni kiasi gani hupunguzwa, kwa alama zipi, kwa muda gani, na ni kipi humfanya mwanafunzi aupoteze msaada huo. Majibu tuyachapishe katika jarida hili, na wasiojibu tuwataje kwamba hawakujibu. Rasimu ya barua ninayo tayari. Naomba iwekwe kwenye ajenda ya mkutano wa kwanza wa muhula, kabla ya fomu za Septemba kuanza kuuzwa.