Maji ya viwanda vya chai: tudai vipimo vyote

Chuoni tulifunzwa kuyatambua maji kwa mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Kwa udhu chatosha. Kwa maji taka hakitoshi, na nchi ya chai ya Kericho na Bomet yatuonyesha sababu.

Kiwanda cha chai huosha mitambo na sakafu, na maji hutoka yakiwa ya kahawia, yamejaa kaboni ya majani. Vyoo vya makambi ya wafanyakazi navyo hutoa naitrojeni. Katika mabwawa ya kusafishia, kazi hufanywa na bakteria. Chakula chao ni kaboni, lakini hawazaani bila naitrojeni: mafundi hukadiria sehemu 5 za naitrojeni kwa kila 100 za BOD, yaani uchafu unaolika na bakteria. Ikipungua, kazi hulala. Ikizidi, yaweza kufika mtoni kama naitreti, isiyo na rangi wala harufu.

Kanuni za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa BOD na 50 kwa COD. Kwa nini viwili? Katika BOD, bakteria hupewa siku 5, kisha hupimwa oksijeni waliyotumia. Katika COD, kemikali kali huunguza uchafu kwa takriban saa 2. Tanini ya chai ni ngumu kwa bakteria, hivyo maji yaweza kufaulu kipimo cha kwanza na kuanguka cha pili. Anayekuonyesha kimoja amekuonyesha nusu ya habari.

Mito ya Kericho huingia Sondu Miriu hadi Ghuba ya Winam. Nyangores ya Bomet huingia Mara, unaovuka hadi Tanzania. Magugu maji ya Winam hunenepa kwa naitrojeni na fosforasi za mashamba, miji na viwanda. Bila namba, kila mmoja atamnyooshea mwenziwe kidole na mvuvi ndiye atakayelipa.

Kanuni hizo zilimtaka mwenye leseni apeleke rekodi NEMA kila miezi mitatu. Ibara ya 35 ya Katiba yampa raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi mkaazi wa Litein aombe: BOD, COD na naitrojeni, zote tatu. Nasi wa Mombasa, wenye Kipevu na hori ya Tudor, tuombe vivyo hivyo. Macho hayapimi naitreti.