Sauti Iliyolelewa Kanisani



Mwishoni mwa Agosti 2018, jijini Detroit, Marekani, watu walipanga foleni, wengine tangu usiku, ili wapite mbele ya jeneza la Aretha Franklin. Alikuwa amefariki Agosti 16 kwa saratani ya kongosho, akiwa na umri wa miaka 76. Kwa siku mbili mwili wake uliwekwa katika jumba la makumbusho. Siku ya tatu ukapelekwa New Bethel, kanisa la Kibaptisti ambalo baba yake alilichunga kwa miaka mingi. Ibada ya mazishi, Agosti 31, ilichukua takriban saa nane. Wanaolalamikia urefu wa mahubiri yangu walikumbuke hilo.

Wapenzi wake hadi leo humkumbuka hasa kwa “Respect”. Wimbo huo ni wa Otis Redding, mwanamume anayedai heshima arudipo nyumbani. Mwaka 1967 Aretha aliugeuza: anayedai heshima akawa mwanamke, na Wamarekani weusi waliokuwa wakipigania haki zao wakauchukua kuwa wao. Ni kumbukumbu nzuri. Lakini katika kumsifu malkia wa muziki wa soul, tunapita haraka mahali sauti ile ilipofundwa.

Mama yake alifariki mwaka 1952, siku chache kabla Aretha hajatimiza miaka 10. Mtoto akakua akiimba mbele ya waumini wa baba yake, na mwaka 1956 nyimbo zake za kwanza zikarekodiwa humo humo kanisani. Mwaka 1960, akiwa na miaka 18, akasaini na kampuni ya Columbia, akaanza kuimba nyimbo za mapenzi na za majonzi. Nyimbo za dunia, kama tunavyoziita sisi. Kwa waumini wengi wa makanisa yale, kufanya hivyo kulikuwa sawa na kuasi. Baba yake, mchungaji, hakumzuia.

Januari 1972, akiwa kileleni mwa umaarufu, aliingia katika kanisa moja la Kibaptisti mjini Los Angeles, akaimba nyimbo za Injili kwa jioni mbili pamoja na kwaya ya James Cleveland. Baba yake alisimama akawaambia watu kwamba binti yake hakuwahi kuliacha kanisa. Albamu iliyotoka humo, “Amazing Grace”, ndiyo iliyouzwa kuliko zote alizowahi kutoa. Mwaka 2015 aliimba mbele ya Papa Fransisko kule Philadelphia, katika mkutano wa familia.

Naandika haya kwa sababu ya kwaya zetu.

Binti mmoja wa sauti ya kwanza alikuja ofisini kwangu na barua ya kamati ya kwaya yake, katika parokia ambayo sitaitaja. Anatakiwa arudishe sare. Kosa lake: ameonekana ukumbini Jumamosi akiimba na bendi kwenye harusi. Fedha anayolipwa humsomesha mdogo wake. Nilipouliza nani alimwona, nikaambiwa wajumbe wawili wa kamati. Walimwona kwa sababu nao walikuwa wanacheza.

Sidharau hofu ya kamati. Mtakatifu Augustino mwenyewe, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, anahangaika kwamba pengine anavutwa na sauti ya mwimbaji kuliko maneno yanayoimbwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliuita muziki mtakatifu hazina, na hazina hulindwa. Wimbo wa mapenzi hautapigwa kwenye Misa ninayoadhimisha mimi, hata maharusi wakilia.

Lakini hilo linahusu wimbo, halimhusu mwimbaji. Daudi alipiga kinubi nyumbani kwa Sauli, pasipo madhabahu wala ubani, ili mtu aliyesumbuka apate nafuu. Hatusomi kwamba alinyang'anywa zaburi. Na nijuavyo mimi baada ya miaka mingi ya upadre, kijana tunayemfukuza kwaya haachi kuimba. Anaacha kuja Misani. Kama New Bethel wangemfungia mlango Aretha mwaka 1960, jioni zile mbili za Los Angeles zingetoka wapi? Na jeneza lile lingepelekwa wapi siku ya tatu, na umati ule wa wapenzi wake ukilifuata?

Viongozi wa kwaya, barua ya namna ile isiandikwe kabla mwimbaji hajasikilizwa na paroko hajajulishwa. Ulizeni: anahudhuria mazoezi? Anapokea sakramenti? Anachokiimba Jumamosi kinamdhalilisha mtu? Majibu yakiwa mema, mwacheni asimame mahali pake.

Sare ya binti yule bado iko kwake. Nimemwambia aifue, aipige pasi, aitunze, wakati nikizungumza na paroko wake.